Mpimaji na Gari la Mzee wa Mbao

Mtaani kwetu Kisumu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mpimaji, na hata mkewe alimwita hivyo alipomtafuta kwa majirani. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuburuta mnyororo wa kupimia mashamba nyuma ya wapima ardhi wa serikali, akipigilia vigingi na kusoma hesabu kwa sauti ili mwingine aziandike. Nilipohamia kwake, katika miaka ya kwanza ya Uhuru, alikuwa ameshastaafu. Mnyororo aliurudisha ofisini. Tabia ya kupima alibaki nayo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana aliyeshuka stesheni na sanduku moja kutoka upande wa Nyeri, nikapanga vyumba viwili vya uani kwake. Tuliongea Kiswahili, kwa kuwa Kijaluo chake sikukijua na Kikuyu changu yeye hakuwa na haja nacho. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini, kile cha kuamrishana porini: hapana hiki, hapana kile. Aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza. Mimi nilimwita Mzee, ingawa nikimtaja kwa watu nilisema Mpimaji kama wengine.

Alijulikana kwa swali moja: "Ngapi?" Ukimwambia mvua imenyesha sana Awasi, atauliza ngapi. Ukimwambia mtoto wa jirani amerefuka, atauliza ngapi, na atangoja jibu. Siku moja nilitoka shuleni nikamwambia nimechoka. Akauliza, kwa dhati kabisa, nimechoka ngapi. Nikasema futi sita. Alitikisa kichwa, akaenda kumwambia mkewe aniletee uji.

Lakini waliomjua vizuri wakianza kumsimulia, huanza na gereji.

Aliijenga mwenyewe ubavuni mwa nyumba, kwa mabanzi na mabati. Kwanza ilikuwa ya gari moja, pikapu yake kuukuu ya buluu. Baadaye ikabidi itoshe magari mawili, na masharti yakaongezeka. Sakafu ya saruji ilikuwa na mistari ya chaki aliyoipaka upya kila Jumamosi: miwili ya magurudumu ya pikapu, miwili ya gari la pili, na katikati nafasi ya mtu mmoja kupita kiubavuubavu. Mbele ya kila gari alilaza gogo lililochongwa likakaa imara, ili magurudumu yakomee hapo na pua ya gari isifike ukutani. Toka paani ilining'inia kamba yenye kizibo cha chupa mwishoni. Kizibo kikigusa kioo cha mbele, dereva asimame. Mwanzoni alikuwa ametundika timazi yake ya kazini, ile ya chuma yenye ncha. Mkewe akamuuliza kama nia ni kulinda kioo au kukitoboa. Aliitoa siku hiyohiyo, wala hakubishana.

Ukutani, kwa kimo cha milango ya gari, alipigilia vipande vya matairi ili mlango ukifunguliwa kwa pupa uguse mpira. Milango ya gereji yenyewe ilikuwa na kulabu za kuishikilia wazi, kwa sababu upepo wa ziwani ulikuwa na mazoea ya kuamka mchana na kuibamiza. Hapakuwa na rafu juu ya gari. Jembe, baiskeli, kopo la rangi, vyote vilikaa nje hata vikiota kutu. Kuku aliyeonekana akinyemelea kivuli cha gereji alifukuzwa hadi barabarani, maana kucha zake zingeacha alama kwenye rangi. Mtu aliyeingia alitakiwa kuuzungusha mkanda wake ili chuma chake kikae mgongoni, na mwanamke kuvua bangili. "Mwalimu, hapana egemea," aliniambia mara nyingi hata nilipokuwa sijaegemea.

Abiria walishuka nje. Mvua ikinyesha, walishuka nje vilevile, na mara nyingi nilimwona mkewe amesimama chini ya mchirizi wa paa na kikapu cha ngege, wale samaki wa ziwani, akingoja pikapu iingizwe kwanza. Aliniambia kwamba akifa angependa azikwe ndani ya gereji ile, kwa kuwa ndipo mahali pekee nyumbani mwake ambapo kitu hakiguswi ovyo.

Kabla ya kurudisha gari nyuma alilizunguka lote, akainama kutazama chini yake, akapanda, akapiga honi mara mbili, kisha akatulia. Nilimuuliza anangoja nini. Akasema anangoja yule ambaye hakusikia honi.

Ukiyasikia haya utadhani alikuwa mtu wa uangalifu. Hakuwa. Kwangu alivunja vikombe vitatu kwa miaka miwili, na kimoja alikikalia. Mashati yake yalikuwa na matundu ya moto wa kiko. Akishaitoa ile pikapu gereji kwa adabu zote, aliiendesha kama mtu anayekimbiza mwizi, akaipitisha mitaroni, na mlango mmoja ulifungwa kwa waya. Niliipanda mara moja hadi sokoni nikaapa kutembea kwa miguu. Nilipomuuliza kwa nini gari linaloteseka hivyo njiani linabembelezwa hivyo nyumbani, alifikiri kidogo. Njiani, alisema, kila mtu yuko macho. Nyumbani watu wamelegea.

Halafu kulikuwa na suala la ukuta. Mtu huyu alikuwa amewapangia watu mipaka kutoka Nyakach hadi Siaya, na watu waliogombania hatua moja ya shamba walikuja kumsikiliza. Lakini gereji ilipohitaji kupanuka, aliubomoa ukuta wa nje akausogeza futi mbili ndani ya kichochoro cha umma. Alizipima kwa usahihi kabisa futi hizo mbili ambazo hazikuwa zake. Askari wa baraza la mji alikuja kuuliza. Mpimaji alimkaribisha chai, akamweleza habari za vigingi vya mipaka tangu enzi za mkoloni, na jua lilipokaribia kuchwa yule askari alikuwa akimshukuru.

Aliupanua ukuta kwa sababu ya gari la pili.

Gari hilo lilikuwa la mzee mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la mbao karibu na stesheni. Siwezi kusema walikuwa marafiki, au kama walikuwa marafiki basi hawakuwa na habari. Mpimaji alinunua mbao pale kwa miaka mingi, na kila mara waligombana kuhusu urefu wake. Mzee wa mbao alipima kwa ubao wake wa duka, Mpimaji akatoa futi yake mfukoni, na tofauti ya robo inchi iliwatosha kwa adhuhuri nzima. Baada ya hapo walikunywa chai, kila mmoja akitazama barabara.

Mwaka ule Wahindi wengi walipokuwa wakifunga maduka na kuondoka, mzee wa mbao naye aliwatanguliza mkewe na binti yake kwenda Uingereza, akabaki kumaliza shughuli. Jumapili moja asubuhi alikuja na gari lake dogo la rangi ya maziwa, viti vyekundu, gari ambalo halikuwa limepata kubeba hata ubao mmoja. Nilikuwa nikianika nguo uani. Alisema anaondoka kesho yake, na kwamba hataki kuliuza kwa haraka kwa mtu atakayelichezea. Akitulia huko ataandika, au atarudi mwenyewe. Aliomba liwekwe tu.

Mpimaji hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema, "Ngoja nipime."

Alilipima urefu na upana, akaipima gereji, akarudi kulipima tena gari na milango ikiwa wazi. Mzee wa mbao alisimama juani na ufunguo mkononi, akingoja uamuzi. Mwishowe Mpimaji akasema itaingia, lakini ukuta lazima usogee.

"Unaweza kuendesha, si kitu," mzee wa mbao alimwambia. "Gari ikikaa inaharibika."

"Hapana. Mimi naweka tu. Si yangu."

Walipeana mikono. Nilitegemea wangesema zaidi, baada ya miaka yote ile ya robo inchi, lakini mzee wa mbao aliangalia saa yake na kutoka kwa miguu.

Kwa muda wa miaka kadhaa Mpimaji alilitunza gari lile kwa namna ambayo ilituhusu sote. Aliliinua juu ya magogo ili matairi yasibonyee. Alilifunika kwa mashuka yaliyochakaa, baada ya kugundua kwamba gunia lina mchanga na mchanga unakwaruza. Wadudu wa ziwani walipokuja kwa makundi yale yanayofunika taa, aliwafagia juu ya shuka kwa unyoya wa jogoo. Na mara moja kila mwezi tulilishusha tukalisukuma nje. Hakukubali liendeshwe kutoka wala kuingia. Alisema injini ina haraka kuliko macho. Yeye alishika usukani kupitia dirishani, mkewe na mimi tukasukuma nyuma. Tulisukuma kwa viganja, vidole vikiwa vimeinuliwa, na pete yangu ya fedha niliivua nikaitia mdomoni. Akiliwasha, liliunguruma uani huku yeye akisikiliza kama daktari. Kisha tukalirudisha, polepole, hadi kizibo kilipogusa kioo.

Mzee wa mbao alituma kadi moja, yenye picha ya kanisa na theluji, na anwani nyuma yake. Baada ya hapo hakikuja kitu. Mpimaji hakuonekana kushangaa. Aliiweka kadi ndani ya bahasha ya plastiki na kuibandika ndani ya mlango wa gereji.

Sasa nifike kwenye kabati.

Nilikuwa na kabati la mvule, zito, la kimo changu, kitu cha kwanza cha maana nilichonunua kwa mshahara wangu. Msimu mmoja wa masika bati la chumba changu lilianza kuvuja juu yake. Mpimaji aliahidi kuziba, lakini mvua haikumpa nafasi, na vitabu vyangu vikaanza kuota ukungu. Nilimuuliza, bila kutarajia akubali, kama kabati lingeweza kukaa gereji kwa wiki mbili. Nilijua sheria. Aliangalia bati, akaangalia kabati. Mtu huyu hakuweza kumnyima jirani kitu, na nadhani nilijua hilo pia nilipouliza.

Alilisimamisha ndani kabisa, mbele ya pua ya gari la rangi ya maziwa, milango yake ikiwa imeelekezwa ukutani ili isifunguke kuelekea gari. Alikata kabari za mbao akazisukumiza chini ya miguu yake, kwa kuwa hapo palikuwa na mfereji mdogo wa kupitisha maji. Kisha akalizungushia kamba na kuifunga kwenye nguzo kwa fundo alilojifunza akiwa kazini, la kufungia vyombo juu ya lori. Alinionyesha. Akaniambia nikihitaji chochote ndani nimwite, tutaligeuza wawili.

Siku ya tano hivi, yeye akiwa amekwenda Awasi kuwasuluhisha ndugu wawili juu ya mpaka, nilipata habari kwamba mkaguzi wa shule atakuwa kwetu kesho yake na walimu wanaotaka kupandishwa daraja walete vyeti. Cheti changu kilikuwa ndani ya kabati. Mkewe alikuwa sokoni. Ufunguo wa gereji ulitundikwa msumarini jikoni, mahali tulipopajua sote.

Nilifungua fundo. Nililigeuza kabati peke yangu, kidogokidogo, mguu huu kisha ule, nikijisifu kwamba linakwenda. Nikafungua mlango, nikapata cheti. Nilipoanza kulirudisha, mguu wa nyuma ukateleza kwenye mfereji. Sikuweza kulizuia. Lilianguka taratibu, au hivyo ndivyo ninavyolikumbuka, na kona yake ya juu ikatua kwenye boneti ya gari la mzee wa mbao kwa sauti isiyokuwa kubwa.

Boneti ilibonyea kiasi cha bakuli. Rangi ilipasuka. Taa moja ya mbele ilikuwa vipande.

Nilijaribu kuliinua nikashindwa. Basi nikafanya ambalo sijawahi kulieleza vizuri hata kwangu mwenyewe: nilichukua cheti, nikafunga gereji, nikarudisha ufunguo msumarini, nikaenda chumbani kwangu na kuketi. Mchana ule upepo ulivuma na mvua kubwa ikanyesha. Maji yalipita katika mfereji wa gereji, yakazisogeza kabari. Mkewe aliporudi hakuwa na sababu ya kuingia huko.

Mpimaji alirudi kesho yake mchana, wakati mkaguzi alikuwa ameshanipongeza na kuondoka. Nilimsikia akifungua milango na kutia kulabu. Halafu sikusikia kitu. Baada ya muda alikuja hadi mlangoni kwangu, kofia mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yoyote isipokuwa yale aliyoyasema.

"Mwalimu, nimevunja kabati yako. Mlango moja imetoka. Nitatengeneza."

Nilimuuliza imekuwaje. Nilimuuliza, nikimtazama usoni.

"Fundo," akasema. "Nilifunga mimi. Maji ilisukuma kabari, sawa, lakini fundo ingeshika. Imeachia."

Aliugeuza mkono wake, akautazama, kana kwamba umefanya jambo bila kumwambia. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema. Mdomo wangu ulisema, "Pole, Mzee."

Kwa siku mbili hakuuliza mtu yeyote ngapi. Siku ya tatu alikuja na ile kadi yenye theluji, akaniomba nimwandikie barua kwa Kiingereza. Nilimshauri atengeneze gari kwanza, mwenyewe yuko mbali, hataona tofauti. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Gari ni ya mtu, alisema, na mtu lazima ajue gari yake iko namna gani.

Basi tuliketi kwenye meza yangu, yeye akisema, mimi nikiandika. Alitaka vipimo vyote viwemo: upana wa kibonyeo, kina chake, urefu wa ufa wa rangi. Kisha akasema niandike kwamba kabati lilikuwa la mpangaji wake, kwamba mpangaji hana kosa, na kwamba fundo lilifungwa na yeye. Niliandika hivyo kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Alitia sahihi. Niliibandika stempu mimi mwenyewe, nikaipeleka posta, na nikiwa njiani nilipita kando ya pipa la taka mara mbili nikiishika mkononi. Niliituma.

Jibu lilichukua zaidi ya miezi mitatu. Liliandikwa na binti wa mzee wa mbao. Mpimaji alinisimamia nikilifungua, na ikanibidi kumtafsiria papo hapo bila kulisoma kwanza. Binti alisema barua yetu imewafikia kwa kupitia nyumba waliyoihama. Baba yake alifariki miaka miwili iliyopita, katika majira ya baridi. Hakuwa amewaambia kwamba aliacha gari kwa mtu, walidhani aliliuza. Alishukuru sana kwa uaminifu, akasema tafadhali tulifanye lolote tupendalo.

Mpimaji aliniomba nirudie mahali pa kifo.

"Miaka ngapi?"

"Miwili, Mzee."

Alihesabu, midomo ikicheza. "Mara ishirini na nne," akasema. "Mara ishirini na nne tumesukuma gari ya marehemu."

Aliikunja barua, akauliza kama imetaja ugonjwa. Haikutaja. Akauliza kama imetaja alikozikwa. Nilimwambia Wahindi wengi huchomwa, na hilo lilionekana kumsumbua kuliko yote, kwamba hapakuwa na mahali popote duniani ambapo mtu angeweza kwenda na kupapima.

Alilitengeneza gari. Fundi wa kunyoosha bodi alikuja kuligonga palepale nyumbani, kwa kuwa Mpimaji hakutaka lipite barabarani na jeraha. Rangi haikukubali kufanana sawasawa. Ukilitazama kwa upande uliona boneti ni ya maziwa yaliyolala. Alilirudisha kwenye mistari yake ya chaki na kulifunika. Kila mwezi aliendelea kutuita tulisukume. Mkewe alimwuliza mara moja, kwa Kijaluo na kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie, wanamwekea nani. Alinyoosha shuka juu ya boneti. Kabati langu lilirudi chumbani na mlango mpya, uliofungwa vizuri kuliko wa zamani, na kila asubuhi niliufungua kutoa nguo zangu.

Mwaka uliofuata nilipewa uhamisho kwenda Awasi, na daraja jipya. Niliuchukua upesi. Muda si mrefu nikasikia Mpimaji na mkewe wamefunga nyumba ya Kisumu na kurudi kwao Asembo. Sikuwaandikia.

Ilipita miaka, nikatumwa Asembo Bay kusimamia mtihani wa darasa la saba. Siku ya mwisho niliteremka hadi ufukweni kutafuta samaki wa kurudi nao, na mwanamke aliyekuwa akigeuza omena juu ya nyavu akainuka, akanitazama, akaniita mwanawe kwa Kijaluo: "Nyathina." Alikuwa mkewe Mpimaji. Hakunipa nafasi ya kukataa. Aliacha omena kwa jirani, akanishika mkono tukapanda hadi nyumbani.

Mpimaji alikuwa amekonda, miguu na macho vimemwishia nguvu, lakini alinitambua kwa hatua zangu kabla sijasema. Tulikula. Aliniuliza kuhusu shule, madarasa mangapi, watoto wangapi kwa darasa. Kisha akataka nione gari.

Hapakuwa na gereji. Gari la rangi ya maziwa lilisimama wazi penye majani, milango imefunguliwa, na ndani yake palikuwa na debe, shuka na mtoto aliyelala. Mkewe alieleza kwamba hakuna gari jingine karibu. Mtu akiugua, mama akishikwa na uchungu, mpwa wao huliendesha hadi hospitali. Mpimaji mwenyewe ndiye aliyeanza, siku jirani mmoja alipoumwa na nyoka. Alilitoa, akampakia, na tangu hapo hakulifunika tena. Lilikuwa limekwaruzwa kila mahali, bampa moja haipo.

Nikasema limefanya kazi.

"Njoo," akasema. Aliegemea mlango wa gari, yeye mwenyewe, akaanza kulizunguka taratibu akipapasa bodi na kunionyesha. Hii ilikuwa ya mama wa mapacha, alipiga teke mlango. Hii ya baiskeli ya katekista. Hii ya mbuzi, alirukia juu akimkimbia mbwa. Kila mkwaruzo aliujua pamoja na mwenyewe wake, na aliwataja bila chuki, kama anayesoma majina ya wanafunzi. Alipofika mbele aliweka kiganja juu ya boneti, pale ambapo rangi haikufanana.

"Na hii," akasema, "ni yangu."

"Si yako, Mzee."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Cheti, ufunguo, mguu wa kabati. Nilisema nilikuwa kijana na niliogopa, kisha nikaona kwamba hilo halikuwa limeulizwa, nikanyamaza. Mkewe alikuwa ameacha kazi aliyokuwa akiifanya.

Kiganja chake hakikuondoka kwenye boneti. "Mguu gani uliteleza?"

"Wa nyuma. Kwenye mfereji."

"Fundo ulifungua wewe?"

"Nilifungua mimi. Lilikuwa gumu. Nilitumia meno."

Nilifikiri atakasirika, na nadhani ningefurahi angekasirika. Nikaongeza kwamba kama ningesema siku ile, huenda asingehitaji kuandika barua, na huenda angeishi bila kujua habari za kifo.

"Ningeandika," akasema. "Gari ilikuwa ya mtu. Ningesema, Mwalimu ameangusha kabati." Akageuza uso wake kwangu. "Na wewe ndiye ungeandika."

Nilikubali kwamba ni mimi ningeandika.

Hakusema amenisamehe, wala sikumuuliza. Mpwa wake alitokea wakati huo na ufunguo, akisema kuna mgonjwa wa kupelekwa, na mtoto aliyelala akatolewa kitini. Mpimaji alimzuia kidogo kijana yule. Alimrudisha penye mlango wa gari, akauchukua mkono wake na kuupitisha juu ya bodi, akianza upya: hii ya mama wa mapacha, hii ya katekista, hii ya mbuzi. Akaufikisha kwenye boneti.

"Hii ya Mwalimu," akamwambia, kwa sauti ileile aliyotumia kwa mbuzi, kisha akamwachia aende.